Mgeni wa Saa Kumi Kasorobo

Kabla sijafungua mdomo, apa. Usinitikisie kichwa, apa kwa sauti. Sema: nikimwambia mtu, kila samaki nitakayemtia kwenye mafuta aungue. Umesema? Vizuri. Habari hii haitakiwi kutoka nje ya uzio wa Mama Amondi, pale Buzuruga nyuma ya stendi, kwenye yale mawe makubwa. Kija aliapishwa kiapo hicho hicho mbele ya watu. Akakaa nacho kuanzia Jumamosi jioni mpaka Jumapili ibada ilipotoka, muda ambao kwa Kija ni mrefu mno, kisha akaimwaga yote, mpaka rangi ya soksi. Aliyemwagiwa naye akaapa kwamba itaishia kwake. Basi sogeza kigoda, maana wewe unajua kunyamaza kuliko wote.

Ilianza na harufu.

Selestina, ndiye huyo Mama Amondi, ni mjane wa miaka sitini na kitu, mtu wa Mara kwa kuzaliwa na mtu wa Mwanza kwa kukaanga sangara. Asubuhi yuko stendi na karai lake. Saa nane mchana yuko nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, hataki kuongeleshwa. Siku hiyo, wiki moja baada ya Pasaka, alikuwa hivyo hivyo kwenye beseni lake, jua linachoma bati mpaka linalia, pua yake ikashtuka. Samaki anawajua, hata aliyelala siku mbili anamjua. Hii haikuwa ya samaki. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuoshea vidonda, imechanganyika na vumbi la ukuta uliobomoka, na nyuma yake kwa mbali kuna sabuni, sabuni ya ugenini ambayo haiuzwi soko lolote la Mwanza. Akanusa mikono yake. Akanusa kanga. Akamnusa paka, paka akamtazama vibaya akaondoka.

Harufu ilitoka chumbani kwa Amondi.

Amondi ni binti yake wa pekee, nesi. Miaka mitatu iliyopita alijitolea kwenda kuhudumia majeruhi katika vita vya watu, huko mbali kaskazini kwenye baridi. Hakupelekwa na serikali wala na njaa. Alisema tu, "Mama, wanakufa na hakuna wa kuwafunga vidonda," akafunga begi. Januari alikuja likizo ya wiki tatu, amekonda kama fito, akaja na lile sanduku lake la bati la tangu sekondari, lile lililoandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Jioni moja akamfungulia mama yake.

Ndani mlikuwa na picha saba na vitu saba. Kitana cha mfupa. Ufunguo mkubwa wa mlango. Kiatu cha mtoto, cha mguu mmoja. Kijiko kilichopinda. Miwani yenye kioo kimoja. Kifungo cha koti. Na saa ya mkononi, ya mkanda wa ngozi, kioo chake kina ufa, imesimama saa kumi kasorobo. Kila kitu kimebandikwa kipande cha plasta chenye namba kwa mwandiko wa Amondi, na namba hiyo hiyo iko nyuma ya picha.

"Hawa walifia mikononi mwetu," Amondi alisema. "Hatukuwajua majina, au tuliyajua nusu. Tulimpiga kila mmoja picha, tukachukua kitu chake kimoja, ili siku ndugu zake wakitafuta wamtambue. Siku hospitali ilipopigwa tukampiga picha wa mwisho, tukakimbia. Kila mtu alibeba alichoweza. Mimi nilibeba hawa."

Selestina aliziangalia zile picha moja moja. Watu wamelala, macho yamefungwa, shuka mpaka kifuani. Wa saba alikuwa mzee mwenye masharubu meupe, mikono imekunjwa juu ya kifua.

"Mama, lisifunguliwe na mtu. Lisichomwe. Lisitupwe ziwani. Niapie."

Selestina akaapa, akafunga kufuli, ufunguo akaushonea kwenye mkanda wa sketi yake ya ndani. Amondi akarudi vitani. Miezi mitatu sanduku likakaa kimya chini ya kitanda, likawa kama sanduku lolote. Mpaka hiyo wiki baada ya Pasaka.

Siku ya pili baada ya harufu, ikaja sauti. Saa ile ile, saa kumi kasorobo alasiri, jua bado linawaka na watoto wa jirani wanacheza nje, kwa hiyo usiniambie habari za majini kungoja usiku. Selestina alisikia mtu akisema neno moja chumbani. Sauti ya mwanamume mzee, kavu, neno ambalo si la Kiswahili, si la Kijaluo, si la Kisukuma. Kisha sandukuni: *ko*. Neno lingine. *Ko*. Lingine. *Ko*. Zikafika sita. Likaja neno la saba, na baada yake hakuna kitu, kimya tu, na ndani ya kimya hicho mtu anavuta pumzi ndefu kama anayesubiri kuitikiwa. Kisha akaanza upya.

Mwingine angekimbia. Selestina alitoa miguu kwenye beseni, akasimama mlangoni maji yanamchuruzika.

"Wewe!" alisema. "Kwangu mtu akiingia anabisha hodi! Sijui kwenu mmelelewaje. Unaingia nyumba ya mjane mchana kweupe, hujasalimia, unagongagonga vitu vya watu. Kama unataka kukaa, ufagio uko nyuma ya mlango!"

Kimya. Halafu ufagio ukaanguka.

Selestina hakuondoka. Aliingia, akauokota ufagio, akauegemeza tena pale pale, akasema kwa sauti ya chini, "Ukiuangusha tena, utafagia," akatoka akaenda kukaa juani mpaka meno yakaacha kugongana.

Kija naye alisikia. Kija ni mpangaji wa chumba cha uani, Msukuma wa Magu, fundi cherehani, mdomo wake unashona haraka kuliko mguu. Alikuja mbio, tepu bado iko shingoni.

"Mama Amondi," alinong'ona, "nani huyo anasali ndani kwako?"

"Redio."

"Redio yako iliibwa mwaka jana."

"Basi ni hiyo imerudi. Nenda kashone."

Kija akaenda kushona, na kwa kila gauni alilopokea siku hizo akalishona na habari. Kufikia Ijumaa, stendi nzima inajua kwamba Mama Amondi amefuga jini la Kizungu. Wateja wakaanza kununua sangara kwa mwingine. Kufikia Jumatatu akatokea shemeji yake.

Huyu shemeji ni Zadok, mdogo wa marehemu mume wake, mzee wa kanisa, na fundi wa masanduku ya bati kule Nyakato. Karibu kila mtoto aliyekwenda bweni kutoka mtaa ule amebeba sanduku la Zadok. Tangu kaka yake afe yeye ndiye mkubwa wa ukoo huku mjini, na anapenda lijulikane. Alikuja amevaa koti zito la suti. Joto la siku ile lilikuwa la kukaushia dagaa, na yeye koti, vifungo vyote vimefungwa, jasho linamtiririka mpaka kwenye kidevu. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni. Alipokea chai kwa wa kulia, akasukutua kwa wa kulia, akala mhogo kwa wa kulia, na wa kushoto haukutoka hata kumfukuza nzi.

"Vua koti, shemeji, utapikika."

"Nina homa ya baridi. Mke wa kaka, nisikilize. Hilo sanduku la Amondi lichomwe."

"Nani amekuambia habari za sanduku?"

"Mji mzima unasema. Vitu vya wafu wasiojulikana! Sisi watu wa Mara tuna taratibu zetu. Vitu vya marehemu havisogezwi kabla watu hawajalia, hawajanyoa, na mkubwa wa ukoo hajakaa kugawa: huyu koti, huyu kigoda, huyu saa." Hapo alisita, akajikohoza. "Huyu mkuki. Hawa nani aliwalilia? Umeleta vilio saba ndani ya nyumba ya kaka yangu. Jumamosi naleta mtumishi Ndalahwa kutoka Kisesa, aombe, tulichome. Ukikataa, nyumba hii ni ya ukoo. Utachagua: sanduku au paa."

"Nilimwapia mtoto."

"Mtoto hajengi nyumba," Zadok alisema, akaondoka na koti lake. Selestina alibaki akimwangalia anavyotembea: mkono mmoja unayumba kama wa watu, mwingine umezama mfukoni kama kuna mtu ameushika huko ndani.

Kesho yake, Jumanne, Selestina hakwenda stendi. Alikaa karibu na mlango wa chumba na simu mkononi, na ilipokaribia saa kumi akampigia Amondi. Mtandao wa huko vitani ni wa kubahatisha, lakini siku hiyo ulikubali. Hakueleza kitu. Alisema tu, "Mwanangu, sikiliza hiki," akaunyoosha mkono na simu ndani ya chumba.

Na safari hii sauti haikubaki mahali pamoja kama siku zile nyingine. Ilianzia dirishani, neno na *ko*, ikasogea kando ya ukuta, neno na *ko*, na kwa kila neno sakafu ya simenti ikatoa mkwaruzo kama wa kandambili ya mtu anayeburuta mguu mmoja, na ile harufu ya dawa ikawa nzito mpaka machozi yakamtoka, na vumbi jeupe likaanza kudondoka kutoka darini ambako hakuna dari, ni bati tupu, likatua kwenye kitanda, kwenye nywele zake, kwenye kioo cha simu, na hatua zikaja mpaka mbele yake, karibu kiasi kwamba alihisi ubaridi kwenye vidole vyake vilivyoshika simu, na hapo hapo neno la saba likasemwa polepole, si kwa hasira, kwa uchovu, kama mzee anayejiita mwenyewe gizani na hajisikii. Hakuna kilichogonga.

Selestina hakuurudisha mkono. Alisema baadaye kwamba alitaka kuurudisha, ila aliona aibu kumkimbia mtu mzima.

Kwenye simu Amondi akasema, "Mama. Huyo anahesabu. Hizo ni namba. Moja mpaka saba."

"Anahesabu nini?"

"Wagonjwa. Huyo ni Mzee, msimamizi wa wodi yetu. Tulimwita Mzee tu, jina lake halisi hatukuwahi kulijua. Kila siku saa kumi kasorobo, kabla ya kubadilishana zamu, alipita kitanda kwa kitanda akiita namba, na mgonjwa mwenye nguvu aligonga chuma cha kitanda kuonyesha yuko hai. Aliangalia muda kwa saa yake. Siku hospitali ilipopigwa ndipo alipokufa, saa hiyo hiyo, katikati ya kuhesabu. Yeye ndiye wa saba, Mama. Saa ni yake."

"Basi anafika saba hajioni."

"Mama, saa imo?"

"Sanduku halijafunguliwa."

"Fungua. Kuna binti amejitokeza, anamtafuta baba yake. Jumapili hii tutampigia tumwonyeshe kwa simu. Anasema nyuma ya saa ya baba yake kuna jina la mama yake, limekwaruzwa kwa msumari. Bila saa hatajua kama ni yeye. Ataendelea kumsubiri mlangoni mpaka azeeke. Mama, fung..." Mtandao ukakata.

Selestina alilivuta sanduku, akachana uzi wa sketi, akafungua kufuli. Kufuli lilikuwa zima, halijaguswa. Akavitoa vitu juu ya kanga. Kitana, ufunguo, kiatu, kijiko, miwani, kifungo. Sita. Akakung'uta picha, akapapasa pembe zote. Saa haikuwemo.

Akaichukua picha ya saba. Januari mikono ya yule mzee ilikuwa imekunjwa kifuani, aliiona kwa macho yake mwenyewe na hakuwa amekunywa kitu. Sasa mmoja, wa kushoto, ulikuwa umenyooshwa mpaka ukingoni mwa picha, kiganja juu, kama wa mtu anayedai chake. Na kwenye kifundo cha mkono, pale saa inapokaa, palikuwa na duara jeupe la ngozi isiyoona jua.

Hapo ndipo alipoligeuza sanduku kutazama nyuma. Sanduku la bati lina bawaba mbili, na kila bawaba imepitishwa waya unaokatiza kama pini. Waya mmoja ulikuwa na kutu, wa siku zote. Wa pili ulikuwa mpya unametameta, na ncha yake imekunjwa mara mbili halafu ikabanwa na koleo. Selestina alilijua sana lile pindo. Amelibeba sanduku lile kichwani akimpeleka Amondi bweni, na kila sanduku la Zadok limepindwa hivyo, mara mbili na koleo, ndiyo alama yake anayojisifia Nyakato nzima. Mwizi mwingine angevunja kufuli. Huyu aliingia kwa nyuma, kwa mlango aliousuka mwenyewe, akatoka na kuufunga vizuri, maana mkono wa fundi haukubali kuacha kazi mbaya.

Selestina aliketi sakafuni akacheka. Alicheka mpaka akafuta macho. Jumapili ya Pasaka, yeye akiwa kanisani na kwaya, ni nani aliyesema anaumwa tumbo akabaki kuangalia nyumba?

Kisha akaacha kucheka, akaipangusa ile picha kwa kanga, akaiegemeza ukutani.

"Mzee, shikamoo," alisema. "Siku ile nilikufokea, nisamehe, sikukujua. Yako nitaipata. Nipe mpaka Jumamosi."

Kutoka upande wa dirisha ambako hapakuwa na sanduku wala kitanda: *ko*.

Jumatano asubuhi alikuwa Nyakato kwenye karakana ya Zadok. Alimkuta anapiga bati kwa mkono mmoja, wa kulia, na bati analishikilia kwa goti. Koti lile lile.

"Shemeji, nimekubali. Tulichome."

Zadok alishusha nyundo. Uso ulimlegea kama mtu aliyepewa maji. "Umefanya vizuri, mke wa kaka. Hata mimi silali. Tutapumzika wote."

"Wewe unakosa usingizi kwa nini? Kwani sanduku liko kwako?"

"Nasema kwa ajili ya ukoo."

"Lakini iwe saa tisa na nusu alasiri. Na watu wote waje, wa maombi, wa stendi, wa mtaa. Wamenisema hadharani, nataka nisafishwe hadharani." Akajifanya anaondoka, akageuka. "Ile taratibu uliyosema. Mtu akichukua kitu cha marehemu kabla ya kilio, wazee walisema inakuwaje?"

Zadok aliangalia bati. "Kinamng'ang'ania," alisema polepole. "Mpaka akirudishe mbele ya watu."

"Mbele ya watu! Aibu gani hiyo. Haya, Jumamosi, shemeji."

Jumamosi ua ulijaa. Bernadeta, mwenyekiti wa kikundi cha maombi, alikuja na wenzake ishirini wamevaa vitambaa vyeupe. Wakaanga samaki wenzake wa stendi walikuja, wengine na makarai yao, maana sijui walidhani watauza. Kija alikuwa mstari wa mbele na kigoda chake. Mtumishi Ndalahwa alifika kutoka Kisesa na spika ya kushika mkononi, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamshia ng'ombe, na dumu la mafuta ya taa. Sanduku likawekwa katikati ya ua juu ya kuni.

Selestina akatoka ndani amevaa gauni lake la Krismasi. Akapita katikati ya watu, akaliendea sanduku, akaligeuza kidogo, akalikalia.

"Mama, toka," Ndalahwa alisema.

"Omba kwanza. Mafuta baadaye. Au huko Kisesa mnachoma kabla ya kuomba?"

Watu wakacheka. Zadok, aliyesimama karibu na lango, akapaza sauti. "Mke wa kaka, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana nilete sanduku mbele ya watu. Hili hapa. Sikusema nitalishuka. Humu mna watoto wa watu saba, na kesho kuna binti anataka kumwona baba yake. Anayetaka kuwachoma, anichome nao. Na mnichome vizuri, mimi ni mafuta matupu, nitawaka mpaka Krismasi."

Bernadeta akashika kiuno. "Selestina, unatetea jini?"

"Namtetea mgeni. Na jini ninalolijua mimi lina miguu miwili na linakula mhogo."

Ndalahwa akaona shughuli inamponyoka, akainua spika. "Tuombe! Mikono juu! Yote miwili! Asiyeinua mikono miwili ana kitu anakificha!"

Ua mzima ukainua mikono. Vitambaa vyeupe, kanga, mikono yenye mafuta ya samaki, Kija na sindano zake kifuani, wote mikono juu. Zadok akainua mmoja.

"Mzee Zadok," Bernadeta akasema, jicho moja limefumba, jingine linachungulia, "na huo mwingine?"

"Bega," Zadok alisema. "Bega linauma."

"Tutaliombea, inua!" Ndalahwa akanguruma. Zadok hakuinua. Jasho lilikuwa limelowesha koti mgongoni kama ramani.

Na hapo harufu ikaja. Ilikuja katikati ya jua, ikapita juu ya moshi wa samaki na manukato ya wanawake wa maombi, dawa na vumbi na ile sabuni ya ugenini, na kila aliyeisikia akanyamaza kabla ya kujua kwa nini ananyamaza, mpaka spika ya Ndalahwa ikabaki inalia yenyewe *piii* na mwenye spika mdomo wazi, na vumbi jeupe likaanza kudondoka juu ya mikono iliyoinuliwa, hewani tu, bila paa wala ukuta juu yake. Mkwaruzo wa kandambili ukaanzia mlangoni mwa nyumba. Watu walioko kando ya mlango wakaachana wenyewe, wakafanya njia, na hakuna aliyeonekana akipita hapo.

Neno. *Ko*. Selestina aliisikia ikigonga chini yake, kwenye makalio, akajishika vizuri. Neno. *Ko*. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ndogo. Neno, *ko*, neno, *ko*. Kija alikuwa amekumbatia kigoda. Ndalahwa aliliweka dumu chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto, akarudi nyuma hatua tatu. La tano. La sita.

"Msishushe mikono," Selestina alisema. Sauti yake ilisikika mpaka nje ya uzio. "Mnaogopa nini? Anahesabu wagonjwa wake. Mwacheni amalize kazi."

Likaja neno la saba.

Kimya. Hata kwenye stendi, nyuma ya mawe, ni kama mabasi yalikuwa yameacha kupiga honi. Na katika kimya hicho ikasikika, karibu na lango, sauti ndogo, ya haraka, kavu, kama mdudu anayetafuna kuni: *tik, tik, tik, tik*.

Watu wakageuza vichwa. Ilitoka ndani ya mfuko wa koti la Zadok.

"Si mimi," Zadok alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Kisha mkono wake wa kushoto ukatoka mfukoni. Haukutolewa na yeye, kila mtu aliona alivyoung'ang'ania kwa mkono wa kulia, viatu vikikwaruza ardhi. Ukanyooka mbele yake, na mkono ukamvuta Zadok kama mama anavyomvuta mtoto sokoni, katikati ya watu, mbele ya Bernadeta, mbele ya mtumishi aliyemleta mwenyewe, mpaka kwenye sanduku lililotoka mikononi mwake. Hapo ukainuka juu, mrefu, mbele ya ua mzima wa mikono iliyoinuliwa, na mkono wa koti ukateleza taratibu mpaka kwenye kiwiko.

Mkanda wa ngozi ulikuwa umezama kwenye nyama, pembeni pamevimba, alama za bisibisi na kisu na sabuni za kila aina zinaonekana pale alipojaribu wiki tatu kuuvua. Kioo kina ufa. Na ubavuni, haijabanduka, plasta ya Amondi: saba.

Vidole vyake vikakunjika ngumi, vikashuka, vikagonga bati pembeni ya paja la Selestina.

*Ko*.

Mtu aliyekuwa akisubiri kuitikiwa akashusha pumzi, ndefu, na wote waliokuwa uani waliihisi ikipita mashavuni mwao, baridi. Zadok alikuwa amepiga magoti, mkono bado uko juu ya sanduku, macho ya watu mia yako juu ya mkono.

Selestina alikunja gauni lake la Krismasi, akamwinamia shemeji yake kwa upole kabisa.

"Shemeji," alisema, "hebu watazamie watu. Saa ngapi?"